Wageni wanaingia na kutoka: namna ya kusoma hesabu za saiti ya koperative



Koperative nyingi sasa ziko na mlango kwenye intaneti. Zingine ziko na saiti yao (Watanzania wanasema tovuti), zingine ziko na ukurasa wa Facebook, na zingine zinauzisha kwa WhatsApp tu. Kila mwisho wa mwezi, yule aliyetengeneza saiti analeta ripoti yenye hesabu na asilimia. Komite inaangalia, inatikisa kichwa, inalipa, basi.

Lakini katika ripoti hiyo mara nyingi kuna mstari mmoja unaotia watu wasiwasi. Kwa sababu ripoti nyingi za kwetu zinakuja kwa Kifaransa, utaona umeandikwa «taux de rebond», na pembeni yake 75%. Mwanachama anauliza: maana yake ni nini? Watu 75 kwa mia hawatutaki? Basi tufunge saiti, pesa hiyo tununue mbegu!

Swali hilo ni la haki, kwa sababu pesa ni ya wanachama wote. Hapa tunaeleza hiyo asilimia inatoka wapi, inasema nini na haisemi nini, kusudi mkutano wenu uamue kwa kujua.

Mtu anayepita mezani

Mufikirie mama anayeuzisha ndakala sokoni Uvira. Asubuhi nzima watu wanapita. Mumoja anatupa jicho na kuendelea. Mwingine anasimama, anashika ndakala, ananusa, anauliza bei, anaenda. Wa tatu anauliza bei, anauliza zilianikwa wapi, anajadiliana, ananunua. Wa nne hanunui leo, lakini anaomba namba ya simu na kurudi siku ya tatu.

Wote wanne walifika mezani. Ukihesabu waliopita peke yake, utasema «leo nilipata wageni wanne». Lakini mama anajua kwamba hawakuwa sawa. Hesabu za saiti nazo zinajaribu kutenganisha wageni hao. Aliyefika na kuondoka bila kufanya kitu ndiye anayehesabiwa kwenye asilimia ile. Tuiite kiwango cha kuingia na kutoka. Waliosimama, wakasoma, wakabonyeza ao wakapiga simu, tuwaite wageni walioshughulika.

Asilimia inahesabiwa namna gani?

Programu inayotumiwa zaidi kwa kazi hiyo ni Google Analytics, iliyotoka mwaka 2005. Kila mara mtu anapofungua saiti, inaandika «ziara» moja. Kwa kawaida, akikaa dakika 30 bila kugusa kitu, ziara imekwisha; akirudi baadaye inaanza ingine.

Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa hii: mtu akifungua ukurasa mumoja tu na kutoka, ameingia na kutoka. Hata kama alisoma ukurasa huo kwa dakika kumi, hata kama aliandika namba yenu kwenye karatasi na kupiga simu, programu haikuona kitu. Ilihesabu muda kwa kuangalia mtu anapohama kutoka ukurasa mumoja kwenda mwingine. Asipohama, muda wake uliandikwa sifuri.

Programu hiyo ya zamani iliacha kuhesabu saiti za kawaida mwezi wa saba 2023. Katika ile mpya, ziara inahesabiwa kuwa ya mtu aliyeshughulika kama jambo moja kati ya haya matatu limetokea:

- alikaa angalau sekunde 10;
- alifungua kurasa mbili ao zaidi;
- alifanya tendo ambalo ninyi wenyewe mumeliweka kuwa la maana, kwa mfano kubonyeza namba ya WhatsApp.

Ziara isiyo na hata jambo moja kati ya hayo ndiyo «kuingia na kutoka». Kwa hiyo asilimia hizo mbili ni pande mbili za franka moja: kama walioshughulika ni 60%, walioingia na kutoka ni 40%. Ripoti ikiwapa zote mbili, haijawapa habari mbili. Ni habari moja.

Wageni wale wale, hesabu mbili

Tuchukue mfano wa koperative ya mpunga, ya kufikirika tu. Kwa mwezi imepata ziara 200. Kati ya hizo, 50 zilifungua kurasa mbili ao zaidi. Zinabaki 150 zilizofungua ukurasa mumoja. Kati ya hizo 150, 70 zilikaa sekunde 10 ao zaidi, na 80 ziliondoka mara moja.

Kwa kanuni ya zamani: 150 gawanya kwa 200, ni 75%.

Kwa kanuni mpya: 80 gawanya kwa 200, ni 40%.

Hakuna mtu aliyeongezeka, hakuna mfuko hata mumoja wa mchele uliouzishwa zaidi. Kilichobadilika ni fimbo ya kupimia tu, kama vile mtu aliyezoea kupima maharage kwa gigozi akahamia kwenye kilo. Kwa hiyo, mutu akiwaambia «mwaka ule mulikuwa na 75, leo muko na 40, kazi yangu imezaa matunda», mumuulize kwanza: zote mbili zilipimwa kwa kanuni gani? Na ninyi pia, mukiandika ripoti kwa mfadhili, musiweke hesabu hizo mbili kando kando kama vile ni maendeleo. Siku moja mtu anayezijua atasoma.

75% ni mbaya?

Si lazima. Inategemea ukurasa uliwekwa kwa kazi gani.

Kama ukurasa wenu wa kwanza unaonyesha bei ya mpunga ya juma hili na namba ya simu, mfanyabiashara wa Bujumbura atafungua, atasoma bei kwa sekunde sita, atafunga, atapiga simu. Programu inaweza kumuandika kama mtu aliyetoroka, kumbe ndiye mgeni mzuri kuliko wote! Alipata alichotafuta.

Upande mwingine, koperative inayouzisha kahawa Ulaya inapokea wageni wa namna ingine. SOPACDI ya Kalehe, kwa mfano, ilipata cheti cha Fairtrade mwaka 2011. Mnunuzi wa kahawa ya namna hiyo anataka kujua wakulima ni nani, kahawa inaoshwa wapi, karatasi ziko sawa. Mtu kama huyo akitoka kwa sekunde tano, kuna kitu kilichomfukuza.

Basi kabla ya kuangalia asilimia, komite ijibu swali hili kwa maneno machache: tunataka mgeni afanye nini akifika? Kupiga simu? Kusoma bei? Kuomba sampuli? Jibu hilo ndilo linalowaambia kama hesabu ni nzuri ao mbaya.

Sababu zinazofukuza wageni hapa kwetu

*Picha nzito.* Hii ndiyo kubwa. Picha moja ya telefone ya leo inaweza kuwa na mega 4. Ukiweka picha sita kwenye ukurasa wa kwanza, ni mega 24. Kama rezo ya mgeni inapitisha mega moja kwa sekunde nane, kazi ya kawaida kabisa ukiwa Swima ao Mboko, picha hizo zinahitaji sekunde 192, zaidi ya dakika tatu. Nani atangoja? Tena mega hizo anazilipa yeye. Picha zile zile zikipunguzwa zikawa mega 0.15 kila moja, zote sita ni mega 0.9, na zinafika kwa sekunde 7 hivi. Njia nyepesi ya kupunguza: jitumieni picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida (siyo kama dokima), kisha muchukue ile iliyofika. WhatsApp inaipunguza yenyewe.

*Luga.* Saiti nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa kizito cha ofisi: malengo, maono, historia, picha ya prezida wa koperative amevaa koti. Mama mnunuzi wa Kavimvira anataka bei. Andikeni Kiswahili kwanza, Kifaransa chini. Na kama wanunuzi wenu wengi wanatoka ngambo ya mpaka, mistari mitatu ya Kirundi itawasaidia.

*Bei ya zamani.* Mgeni akiona bei ya mavuno yaliyopita, anajua saiti imelala. Kila bei iwe na tarehe. Kama hamwezi kubadilisha bei kila juma, afadhali muandike «piga simu kwa bei ya leo» kuliko kuacha bei ya uongo.

*Kipimo kisichoeleweka.* «Mfuko» ni kilo ngapi? 25? 50? 100? Mchele umechambuliwa ao ni mpunga wenye maganda? Bei ni kwa franka ao dola? Mnunuzi asipoelewa haulizi, anaenda kwa mwenye kuzisha mchele wa Pakistani.

*Namba isiyo na +243.* Hii ni kasoro ndogo inayokula pesa nyingi. Mtu wa Uvira akiona namba inayoanza na 0, anapiga na inapita. Mtu wa Bujumbura ao wa Kigoma akipiga namba ile ile, haipiti, ao inaita mtu mwingine kwao. Mufute ile 0, mutangulize +243. Kisha muombe mutu aliye ngambo ajaribu kuipiga.

*Ahadi ya uongo.* Mukiandika kwenye Facebook «mikebuka freshi leo» na mtu akabonyeza akakuta hadisi ya mkutano mkuu wa mwaka jana, atatoka. Na kesho hatabonyeza tena.

Hesabu inayodanganya bila kukusudia

Hata programu nzuri haioni kila kitu. Mambo manne ya kukumbuka.

La kwanza, programu inahesabu telefone, haihesabu watu. Kule Luberizi telefone moja yenye intaneti inaweza kutumiwa na familia nzima ao kikundi kizima cha wakulima: watu kumi na wawili, mgeni mumoja. Na mfanyabiashara mwenye telefone mbili anahesabiwa wageni wawili.

La pili, mahali panapoonyeshwa ni pa kukisia. Simu za rezo nyingi zinatokea kwenye intaneti kupitia mji mkubwa, kwa hiyo mgeni wa Sange anaweza kuandikwa Kinshasa. Musikimbie kusema «tumepata soko Kinshasa».

La tatu, ninyi wenyewe mumo ndani. Sekretere anafungua saiti kila asubuhi, aliyeitengeneza anaijaribu, watoto wa prezida wanaangalia picha ya baba yao. Kwenye ziara 200, hizo si kidogo. Muulize fundi kama ameondoa ziara za ndani.

La nne, hesabu ndogo zinarukaruka. Kwenye ziara 40, watu wanne tu wakibadilisha tabia, asilimia inapanda ao inashuka 10. Hiyo haina maana yoyote. Musifurahi, musilie.

Na kuna jambo la kwetu ambalo fundi wa mjini hatawaambia: majira. Wavuvi wanaovua kwa taa wanajua kwamba mwezi ukiwa mpevu ndakala hazifuati taa, na mitumbwi inapumzika. Siku hizo samaki ni kidogo, na maswali ya bei yanabadilika. Ukilinganisha majuma mawili ya giza na majuma mawili ya mwanga, utafikiri saiti imeharibika. Wenye samaki walinganishe mwezi mzima na mwezi mzima. Wenye mpunga walinganishe mavuno na mavuno ya mwaka uliopita. Na kama barabara ya kitaifa nambari 5 ilikatika kwa mvua, andikeni pembeni ya hesabu, kwa sababu mnunuzi asiyeweza kufika hawezi kushughulika.

Facebook na WhatsApp

Wengi wenu hamuna saiti, na si lazima muwe nayo. Lakini swali ni lile lile: nani alipita, nani alisimama?

Kwenye Facebook, kuna hesabu ya watu waliofikiwa, yaani waliopitishiwa tangazo lenu mbele ya macho. Hao ni wapita njia. Kwa video, sekunde 3 tu zinatosha kuhesabiwa kuwa mtu ameangalia. Wenye kuweka alama ya kupenda ni afadhali kidogo, lakini rafiki wa zamani aliye Nairobi ao Kanada anaweza kupenda picha zenu zote bila kununua hata kilo moja. Tafuteni wale wanaoandika «bei gani?» ao «muko wapi?». Hao ndio waliosimama mezani. Na hapa koperative nyingi zinapoteza: swali linakaa siku tano bila jibu. Mgeni hakutoroka, ni ninyi mulimuacha amesimama.

Kwenye WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, kuna hesabu nne: ujumbe uliotumwa, uliofika, uliosomwa, na ule uliopokelewa kutoka kwa wateja. Kama uliotumwa ni mwingi na uliofika ni kidogo, labda namba nyingi mulizonazo zimekufa, ao wenye nazo hawana mega. Kama umefika lakini haukusomwa, labda munatuma mno. Lakini kuweni na akili: watu wamoja wamezima alama ya kuonyesha kwamba wamesoma.

Daftari linashinda programu

Hesabu yenye maana kuliko zote haimo ndani ya telefone. Chukueni daftari, mupige mistari mitano: tarehe, aliyepiga simu anatoka wapi, alitujulia wapi, alitaka nini, alinunua ao hapana. Yule anayepokea simu aulize kila mara, kwa upole: «Samahani, namba yetu muliipata wapi?» Jibu litakuwa saiti, Facebook, redio, sokoni ao kwa rafiki.

Baada ya miezi mitatu munaweza kufanya hesabu ambayo kila mwanachama ataelewa, hata asiyejua intaneti. Mfano: saiti inakula dola 60 kwa mwaka. Wanunuzi watatu waliokuja kwa njia ya saiti walichukua mifuko 40 kwa mwaka, na kila mfuko uliuzishwa dola 1 juu ya bei ya hapa. Faida ni dola 40. Saiti imekula 60, imeleta 40: imewapa hasara ya dola 20, hata kama ripoti inaonyesha asilimia nzuri sana. Wangechukua mifuko 90, ingekuwa faida ya dola 30, hata kama asilimia ya kuingia na kutoka ni 80.

Ni kwa hesabu hiyo mutaamua kuendelea, kupunguza ao kufunga. Asilimia za programu zinasaidia kutafuta ugonjwa. Hazisemi kama shamba limezaa.

Neno juu ya usalama

Kutaka wageni wengi kusiwafanye muweke kila kitu nje. Musiandike depo iko kwenye njia gani na ina mifuko mingapi. Musitangaze siku ya kugawia wanachama pesa. Musiweke majina, sura na namba za wanachama bila wao kukubali. Bei, kipimo, namba moja ya koperative na saa za kupiga simu, vinamtosha mnunuzi wa kweli. Mengine ataambiwa kwa mdomo.

Kazi ya mwezi huu

1. Komite iandike kwa mstari mumoja: tunataka mgeni wetu afanye nini.
2. Fungueni saiti ao ukurasa wenu kwenye telefone ya bei ndogo, kwa rezo ya kawaida, siyo kwa wifi ya ofisi. Hesabuni sekunde mpaka bei na namba vionekane. Zikizidi kumi, punguzeni picha.
3. Wekeni juu kabisa: mazao gani, kipimo gani, bei ya tarehe gani, namba yenye +243.
4. Muombe fundi aweke kubonyeza namba ya simu kuwa tendo la kuhesabiwa, na aondoe ziara zenu wenyewe.
5. Chagueni mtu mumoja wa kujibu maswali siku ile ile, na mwingine wa kumsaidia akienda shambani.
6. Anzeni daftari.

Musibadilishe mambo yote kwa siku moja. Mukipunguza picha leo, ngojeni mwezi, angalieni, kisha mubadilishe luga. Mukulima akiweka mbegu mpya, mbolea mpya na maji mapya kwa mara moja, mavuno yakipanda hatajua ashukuru nini.

Na ripoti ikija tena mwisho wa mwezi na ule mstari wa kutia wasiwasi, musitikise kichwa tu. Muulize maswali matatu: imepimwa kwa kanuni gani? Tulikuwa na ziara ngapi? Na daftari linasema nini? Fundi mwenye kujua kazi yake hatakasirika, atafurahi kwamba kuna watu wanaosoma. Leteni daftari zenu kwenye mkutano ujao wa koperative, tuzisome pamoja.